Engaruka na swali la Kidato cha Kwanza

Najua nimepotea. Mitihani ya semista, asainimenti za kikundi ambazo anaandika mmoja wanasaini saba, bumu kuchelewa... si mnajua tena. Leo nimerudi na habari ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko kwenye foleni ya kafeteria shika sahani yako vizuri, tunaenda kutembea.

Ni hadithi ya deni. Sio la hela (hayo nayo yapo, mama wa chipsi anajua). Hili ni deni la swali.

Mwaka jana wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya sekondari mkoani Arusha. Somo Historia, Kidato cha Kwanza, mada ya shughuli za uchumi za jamii za zamani. Kwenye andalio la somo niliipa Engaruka mistari mitano, ile ile niliyoinakili mwenyewe nikiwa na umri wao: ni sehemu ya kale ya kilimo cha umwagiliaji, ilikuwa na watu 40,000, Wamasai wakaja, wakawafukuza, watu wale wakapotea. Nikaandika ubaoni, wao wakanakili, nikafuta. Dakika 40 hizo, kwisha kazi.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akaanza na Kiingereza, kikamkatikia njiani, akaomba aseme Kiswahili. "Madam, walipotea wakaenda wapi? Maana kwetu ni Engaruka. Babu analima pale, mimi nachunga pale. Na sisi ni Wamasai."

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka, na mimi sikucheka. Nikatoa lile jibu ambalo kila mwalimu mwanafunzi analo mfukoni: "Swali zuri sana, tutalijadili kipindi kijacho." Kipindi kijacho nikaanza mada mpya.

Jamani, lile swali lilinikaa rohoni. Kwanza nilikuwa nimemwambia mtoto wa watu, mbele ya wenzake, kwamba babu zake ni wafukuzaji, na ushahidi wangu ni daftari langu la zamani. Pili, sikuwa na jibu. Basi likizo ilipofika tukajikusanya watano, wasichana watatu na wavulana wawili, tukachanga nauli, tukaenda kuangalia kwa macho.

Kwa wasiojua, Engaruka iko wilaya ya Monduli, chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa, upande wa mashariki wa nyanda za juu za Ngorongoro. Ukitoka Arusha unapita Makuyuni mpaka Mto wa Mbu, halafu unaiacha lami na kushika njia ya kaskazini, ile inayokwenda Ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai. Ni kilometa kama 60 za vumbi. Unapita Selela, unapita ng'ombe, unapita mbuzi, unapita ng'ombe tena. Kushoto kwako ukuta wa Bonde la Ufa umesimama muda wote, kulia ni tambarare kavu na migunga. Mwenzetu mmoja wa kutoka Bukoba akauliza, hivi huku mtu analima nini? Ndilo swali la maana kuliko yote, kumbe. Mvua ya pale ni kama milimita 400 tu kwa mwaka. Kwa mvua hiyo mahindi yanakusalimia na kukuaga siku hiyo hiyo.

Tulilala kijijini. Asubuhi tukajiandikisha, tukalipa kiingilio, tukapewa mzee wa kutuongoza. Shuka jekundu, rungu, na raba nyeupe ambazo hazikuchafuka siku nzima (zangu usiulize). Tulipomwamkia shikamoo akaitika, kisha akatufundisha na ya kwao: akisema "Supai" sisi tujibu "Epa". Akatuambia safari yetu ni ya duara: tutapanda na mto mpaka unapotokea mlimani, tutapanda mteremko wa vijiji vya kale, tutavuka mto kwenda kwenye mashamba ya mawe upande wa kaskazini, halafu tutazunguka tambarare na kurudi kijijini kwa njia ya mtoni. "Mkichoka semeni, wanangu. Mawe hayaendi popote."

Tukaanza na mto. Mto Engaruka unashuka kutoka nyanda za juu, unapita kwenye korongo jembamba, halafu unafumka ghafla kwenye tambarare. Nimekaa Arusha, nimeona mito, lakini huu ulinishangaza kwa sababu ya mahali ulipo. Pande zote ukame, miiba na vumbi jeupe. Katikati mstari wa kijani: mikuyu, migomba, kelele za ndege, watoto wanaoga, mama mmoja anafua. Ukisimama hatua 50 kutoka kwenye maji uko jangwani. Mzee akasema kila kitu mnachokiona cha kijani kimeletwa na mkono wa mtu, akatuonyesha banio, pale maji yanapozuiwa kwa mawe na matawi ili yaingie mferejini. Mfereji ule unakwenda kwenye mashamba ya wanakijiji ya sasa: mahindi, maharage, ndizi, nyanya. Kila shamba lina zamu yake. Zamu ikifika usiku wa manane unaamka usiku wa manane na jembe lako begani. Ukichelewa, jirani anafungua kwake.

"Na mkigombana?" nikauliza.

"Tunagombana sana. Halafu tunakaa chini. Mfereji mmoja ukivunjika tunalala njaa wote."

Nikaandika hiyo kwenye daftari. Sikujua kwamba ndiyo itakuwa jibu la mambo mengi baadaye.

Tukaiacha mikuyu tukaanza kupanda mteremko. Jua lilikuwa limeshatoka nyuma yetu na mawe yameanza kupata moto. Hapo ndipo unaanza kuviona vijiji vya kale. Ukitegemea minara na malango kama Kilwa Kisiwani, utapita usione kitu. Ni vibaraza. Mteremko umekatwa, mbele yake pamejengwa ukuta wa mawe ya volkano yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, juu yake pamebaki kiwanja kidogo cha bapa cha kutosha nyumba moja. Pembeni kingine. Juu yake kingine, kama ngazi. Kati yake kuna vijia vya kupita. Nyumba zenyewe zilikuwa za miti na nyasi, zimekwisha zamani. Kilichobaki ni sakafu za jamii nzima, mamia kwa mamia, zimeng'ang'ania mlima. Vijiji vya namna hii vipo saba, vimejipanga chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na mashamba yao yako mbele yao bondeni. Walijibana kwenye mteremko wenye mawe ili ardhi ya bapa, ile inayofikiwa na maji, ibaki kuwa shamba. Sisi siku hizi tunafanya kinyume, tunajenga bondeni halafu tunatafuta shamba mlimani.

Tukakaa kwenye kibaraza kimoja chenye kivuli cha mgunga, tukafungua chapati za jana, na mimi nikageuka mwalimu. Wenzangu walinivumilia, na nyinyi nivumilieni.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za magofu haya ni Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita hapa mwaka 1883. Aliona marundo ya mawe yameinuka kutoka tambarare, mengine akayafananisha na kuta za ngome za kale zilizobomoka. Mwaka 1913 akaja Mjerumani mwingine, Hans Reck, yule yule wa mifupa ya Olduvai. Mwaka 1935 akaja Louis Leakey, akahesabu vibaraza vya nyumba, akapata maelfu, akapiga mahesabu na kusema pale palikaa watu kati ya 30,000 na 40,000. Hapo ndipo ilipozaliwa ile namba yangu ya ubaoni.

Sasa tazama shida ya namba ile. Tuchukue hosteli yetu. Chukua majina yote ya wanafunzi waliowahi kulala mle tangu ilipojengwa, yajumlishe, halafu tangaza kwamba hosteli ina watu elfu kadhaa. Tunabebana kweli, lakini sio kiasi hicho! Engaruka watu waliishi miaka kama 300, tangu karne ya 15 mpaka ya 18. Mtu akifa nyumba inaachwa, kijana akioa anakata kibaraza kipya juu kidogo. Ukihesabu vyote kwa pamoja unahesabu marehemu na wajukuu wao kwenye sensa moja. Ndiyo maana watafiti waliokuja baadaye wameishusha ile idadi sana, wakasema ni watu elfu kadhaa kwa wakati mmoja. Na hao elfu kadhaa, kwenye sehemu yenye mvua ya milimita 400, ni wengi mno. Ndiyo ajabu yenyewe.

Mzee alikuwa anasikiliza, anachonga kijiti. Akauliza, "Huyo aliyehesabu alikaa hapa siku ngapi?" Tukacheka.

Kutoka pale juu unaona kila kitu. Ng'ambo ya tambarare, mlima Kitumbeine wa bluu. Chini yako mstari wa mto. Na kaskazini ya mto, ukikazia macho, unaona kitu kama karatasi ya hesabu iliyokunjwakunjwa: mistari, mistari, mistari. Hayo ndiyo mashamba. Yote kwa pamoja yanakadiriwa kufika hekta 2,000. Mwenzetu wa Bukoba, ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi kwa sababu ya malengelenge, akasema, "Kha! Kumbe mji wenyewe ni shamba."

Nataka mlikumbuke neno hilo la mwenzetu.

Tukashuka, tukavuka mto kwa kurukia mawe (mmoja alirukia maji, jina namhifadhia), tukaingia kwenye mashamba ya kaskazini. Kutembea mle ni kazi. Kila hatua chache unakuta mstari wa mawe, na kila mstari una sababu. Mengine ni mipaka ya vijaruba, vidogo, vimesawazishwa ili maji yasikimbie. Mengine ni kingo za mifereji: mkubwa unatoa maji mtoni, unagawa kwa midogo, midogo inagawa kwa vijaruba. Maji yalishuka yenyewe kwa mteremko mdogo sana, bila pampu wala kipimo cha kioo. Kuna marundo makubwa ya mawe, ambayo wa mwanzo walidhani ni makaburi. Mengi ni mawe tu yaliyotolewa shambani na kurundikwa pembeni ili jembe lipite. Ukiwahi kulima kwenye mawe unaelewa.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi zaidi ni udongo. Hamo Sassoon alichimba hapa mwaka 1964 na 1966, akapata vyungu, majiko na punje za mtama zilizoungua. Kwa hiyo chakula chao kikuu tunakijua. John Sutton akaja baada yake, akafuatilia maji: yalitoka wapi, yalifika wapi. Miaka ya 2000 akaja Daryl Stump na wenzake, wakachimba kwenye vijaruba vyenyewe, sio kwenye nyumba. Wakakuta kwamba sehemu kubwa ya udongo wa mashamba haukuwepo pale mwanzo. Uliletwa. Wakulima walijenga ukingo mfupi wa mawe, wakaruhusu maji yenye tope yaingie, maji yakatulia, tope likabaki. Wakainua ukingo kidogo, wakaingiza maji tena. Msimu kwa msimu, mpaka likapatikana shamba juu ya mawe matupu. Yaani, ndugu zangu, walilitengeneza shamba kwa kulikamata na mto.

Hiyo sio kazi ya mtu mmoja shujaa, wala sio amri ya mfalme. Hakuna jumba la mfalme Engaruka. Hakuna nyumba moja kubwa kuliko zote ambayo unaweza kusema huyu ndiye aliyekuwa anaamuru. Kuna vibaraza vinavyofanana, na mifereji. Na mfereji unaopita kwenye mashamba ya watu 50 hauwezi kudumu miaka 300 bila watu kukubaliana nani anafungua leo, nani anafungua kesho, nani anasafisha tope, na aliyeiba zamu anafanywaje. Nikamkumbuka mzee na banio lake asubuhi: tunagombana sana, halafu tunakaa chini.

Kati ya vijaruba tulikuta pia duara kubwa za mawe, kuta nene. Hayo yanahesabiwa kuwa mazizi. Mifugo ilifungiwa, ikaletewa majani, na samadi ikaenda shambani. Kwa hiyo hata ule mgawanyo wetu wa kwenye daftari, wakulima upande huu, wafugaji upande ule, hapa haukai vizuri. Wakulima wa Engaruka walikuwa na ng'ombe. Na babu wa yule mwanafunzi wangu, Mmasai, anamwagilia mahindi.

Sasa niwape upande mchungu. Kwa miaka mingi wako wasomi walioona mawe kama haya wakasema hapana, watu wa huku hawawezi. Mwaka 1933 G.W.B. Huntingford aliandika kuhusu kile alichokiita ustaarabu wa Azania, kwamba matuta, mifereji na kuta za mawe za Kenya na jirani zake ni kazi ya watu wa zamani waliokuja kutoka kaskazini, halafu wakatoweka. Mwaka 1959 Mmarekani George Peter Murdock naye akaja na Wakushi wake wa mawe makubwa. Ukisoma haraka unaona ni nadharia tu. Ukisoma polepole unaona maana yake: waliojenga walikuwa wengine, nyinyi mliopo mlikuta tu. Lile neno "walipotea" nililoliandika ubaoni lina undugu na nadharia hizi. Nilikuwa nawafundisha watoto kwamba kitu kizuri kilijengwa na watu ambao hawapo.

Mwaka huo huo wa 1959 Basil Davidson naye aliandika habari za Engaruka kwenye kitabu chake cha Afrika ya kale, kwa nia njema kabisa ya kuonyesha kwamba Afrika ina historia. Ni wakati wa kudai uhuru, na tulihitaji miji mikubwa ya kuonyesha. Ile namba ya Leakey ikanoga. Mimi simlaumu mtu. Lakini nikiwa nimekaa pale juu ya ukingo wa mfereji, mguu unauma, nikajiuliza: hivi kwa nini lazima uwe mji ili tujivunie? Mbona mashamba hayatoshi? Sisi wenyewe wengi ni watoto wa wakulima. Ada tulilipiwa kwa kahawa, kwa vitunguu, kwa mbuzi. Lakini tukiambiwa mababu walikuwa wakulima hodari tunaona kama tumepunjwa, mpaka tupewe ngome na mfalme.

Nikarudi kwenye swali. Walikwenda wapi?

Watafiti wametaja sababu kadhaa za watu kuacha Engaruka katika karne ya 18. Maji ni moja: zaidi ya mto huu, mashamba ya kale yalitegemea pia vijito vingine vilivyoshuka kutoka kwenye ukuta ule ule wa bonde, na leo makorongo yake hayana maji ya mwaka mzima. Udongo uliolimwa bila kupumzika kwa vizazi vingi ni sababu ya pili. Ya tatu ni mabadiliko ya majirani, maana nyakati hizo wafugaji wa Kimasai walikuwa wanaenea kwenye nyanda hizi. Ukiziweka pamoja unaona kitu kinachoeleweka, familia zinazoondoka taratibu mavuno yanapopungua, zikienda kwa ndugu na jirani. Ile picha ya siku moja ya mikuki, niliyokuwa nayo kichwani, haihitajiki.

Na majirani wapo. Wasonjo, wanaojiita Watemi, wako upande wa Loliondo. Mpaka leo wanalima kwa mifereji, na maji yao yanagawiwa na baraza la wazee. Robert Gray aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1963. Vyungu na namna ya kukaa vinawafanya wengi wawaone kama ndugu wa karibu wa watu wa Engaruka. Wengine wamewataja Wairaqw wa Mbulu, nao hodari wa kilimo cha kubana ardhi na kutumia samadi. Watafiti hawajakubaliana, na inawezekana kabisa wote wana fungu lao. Jina ambalo watu wa Engaruka walijiita wenyewe halikuandikwa popote. Lakini watu kukosa jina kwenye karatasi si sawa na watu kupotea. Mtu aliyehama na mbegu yake ya mtama na ujuzi wake wa mfereji hajapotea.

Nikamuuliza mzee wetu. Nilimweleza yote, mpaka ya yule kijana na kicheko cha darasa. Akafikiri sana. Akasema, "Mwanangu, mimi mama yangu sio Mmasai. Bibi yangu naye alitoka kwingine. Hapa watu wanakuja na kuondoka. Ukitaka kusema nani alimfukuza nani, anza na mimi, mkono huu umfukuze huu." Akanyoosha mikono yake miwili.

Wadau, nimekaa lekcha nyingi. Hiyo nimeiweka na zilizo bora.

Tukamaliza duara kwa kuzunguka tambarare na kurudi upande wa mto. Hapa nitasema ukweli, maana nisiposema nitakuwa nimeandika tangazo la utalii. Sehemu nyingine mistari ya kale inaingia moja kwa moja kwenye shamba la leo. Jembe limepita. Mawe yametolewa, yamerundikwa pembeni, kama walivyofanya wale wa zamani. Kuna mahali niliona kiwanja kimezungushiwa ukuta wa mawe mazuri sana, ya kupangika, na nyote mnajua yalikotoka. Mwenzetu mmoja, anayesoma mambo ya urithi, akakasirika kweli. Akasema watu wazuiliwe.

Mzee hakukasirika. Akamuuliza tu, "Mwanangu, maji yako hapa, ardhi ya kumwagilia iko hapa. Nikalime wapi? Tule mawe?"

Tukanyamaza. Mimi sina jibu rahisi la hilo. Jiwe likishatolewa mahali pake limeacha kusema, haliwezi kurudishwa likasema tena, na haya mashamba ndiyo kitabu pekee ambacho wale watu waliandika. Lakini wanaolima juu yake ni wakulima wa mfereji kama wao, kwenye mto ule ule, kwa sababu ile ile. Ninachokiona ni kwamba huwezi kumwomba mtu atunze kitu ulichomwambia shuleni kwamba si chake. Ukimwambia mtoto wa Engaruka kuwa magofu ni ya waliopotea, na kwamba babu yake ndiye aliyewafukuza, umempa sababu gani ya kuacha jiwe mahali pake? Ukimwambia kuwa haya ni mafunzo ya jinsi ya kuishi na huu mto, yameandikwa na wakulima waliomtangulia, labda atapinda jembe kidogo. Labda. Hapo ndipo mwalimu wa Historia anapoingia, na mimi niliingia vibaya.

Tulifika kijijini jua linazama. Tulinunua soda za moto (friji lilikuwepo, umeme haukuwepo), tukavua viatu, tukaweka miguu mtoni. Maji ya Engaruka ni baridi, jamani. Juu yetu vibaraza vya mlimani vilikuwa vinapoteza umbo kimoja kimoja gizani. Mzee akatuaga haraka. Usiku ule ilikuwa zamu yake ya maji.

Nilipofika Arusha nikaandika barua ya kurasa mbili, nikaipeleka kwa mwalimu wa Historia wa ile shule, nikamwomba aisome darasani. Nilimwambia afute mistari yangu mitano na kuweka hii: Engaruka ni mashamba ya umwagiliaji ya karne ya 15 mpaka ya 18. Waliyajenga wakulima wa hapa hapa, waliokuwa na mtama, ng'ombe na mifereji. Walikuwa elfu kadhaa, sio 40,000. Waliondoka kwa sababu zaidi ya moja, na wajukuu wao wako miongoni mwetu. Mwisho nikaandika kwamba yule mwanafunzi wa dawati la nyuma alikuwa sahihi kuuliza, na kwamba Madam alikuwa hajui.

Mwalimu alinitumia ujumbe wiki mbili baadaye. Barua imesomwa. Kijana akanyoosha mkono tena. Safari hii ameuliza kama anaweza kuwapeleka wenzake wakaone, kwa sababu babu yake anaijua njia ya kuzunguka.

Tuko pamoja, wadau. Wenye malengelenge poleni.